Mindimu yachorwa majani, nipige dawa gani? (Malindi)

Mgeni_Ganda: Wakuu, majani machanga ya mindimu yamejaa mistari ya rangi ya fedha, kisha yanajikunja. Picha mbili hizo. Nataka dawa ya kuua mara moja.

Shamba_Kakuyuni: Huyo ni nondo mchimba majani, Phyllocnistis citrella. Ni mdogo mno, mweupe, ana doa jeusi kwenye ncha ya bawa. Hutaga yai mojamoja, aghalabu chini ya jani changa karibu na mshipa wa kati. Kiwavi akianguliwa huingia moja kwa moja chini ya ngozi ya jani. Ule uzi mweusi katikati ya njia ni kinyesi chake. Mwishowe hukunja ukingo wa jani na kugeuka pupa humo. Kwa joto letu, wiki mbili tatu mzunguko umekwisha. Jani lililokomaa haligusi.

Bi_Mambrui: Mbona imechipua yote kwa pamoja? Uliipogoa?

Mgeni_Ganda: Kidogo tu. Nikatia na urea. Kwani mti bila mbolea utazaa nini?

Bi_Mambrui: Basi umewatandikia jamvi. Usikate tena: jani lililochorwa bado lalisha mti, na ukikata utachipua upya. Mti mkubwa huvumilia, mche ndio wa kulindwa. Nyunyiza mafuta ya madini yaliyotengenezwa kwa kunyunyizia mimea, mililita 5 kwa lita ya maji, jioni, chipukizi zikiwa fupi. Humzuia nondo kutaga. Kiwavi aliye ndani hayamfikii.

Dafu_Moja: Pandeni minazi jamani.

Mgeni_Ganda: Dawa nishachanganya, lita 20 ziko kwenye pampu. Ni ile ya kuua kila mdudu.

Shamba_Kakuyuni: Mindimu ina maua?

Mgeni_Ganda: Inayo.

Shamba_Kakuyuni: Utaua nyuki, pamoja na vinyigu wanaowamaliza viwavi hao.

Ustadh_K: Haraka ya sumu ndiyo inayotumaliza.

Macho_Manne: Ngojeni. Picha ya pili si mndimu! Jani limegawanyika, lina vinyweleo, na ni mabaka mapana, si mistari. Uzi wa kutunga huu, kesho atatuuzia dawa.

Mgeni_Ganda: Siuzi kitu! Hizo ni nyanya, ziko katikati ya mindimu. Nilijua mdudu ni mmoja.

Shamba_Kakuyuni: Hiyo yaonekana kazi ya Tuta absoluta, nondo wa nyanya, asili yake Amerika Kusini, Kenya aliingia 2014. Ndimu hazimhusu, lakini nyanya huitoboa hadi ndani ya tunda, na dawa nyingi ameshazizoea. Majani yake ndiyo ya kuchuma: tia kwenye ndoo, funika, acha juani. Madume watege kwa chambo cha harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni.

Mgeni_Ganda: Ile ya pampu nikiimalizia kwenye nyanya tu?

Bi_Mambrui: Lebo yasema ungoje siku ngapi kabla ya kuvuna? Na unachuma lini?

Mgeni_Ganda: Kesho kutwa. Mteja ashalipa.