Vim ihamie yenyewe kwenye folda ya faili ninalofungua

Mchapakodi
Wakuu, habari za jioni. Natumia Vim (programu ya kuhariri maandishi na kodi) kwenye Ubuntu. Nikiwa `~/kazi` nafungua `duka/ripoti/mauzo.py`. Nikitaka faili la jirani yake nikaandika `:e stoo.py`, naletewa faili jipya tupu. Nikipiga `:pwd`, bado niko `~/kazi`. Nataka Vim ihamie kwenye folda ya kila faili ninalofungua, bila mimi kuiambia. Nifanyeje?

Kibodi Nyeusi
Mkuu, weka mstari huu kwenye `~/.vimrc` (faili la mipangilio ya Vim), ufunge Vim na kuifungua tena:

`set autochdir`

Imeisha hiyo.

Jirani wa Terminali
Ngoja kwanza mkuu. Hiyo inafanya kazi, lakini inakuhamisha kila unapobadili faili, hata ukiruka tu dirisha moja kwenda jingine. Makefile yako (faili la maagizo ya `:make`) ikiwa kule juu `~/kazi`, `:make` haitaiona tena. Plagini (programu-nyongeza za Vim) nazo zinaweza kugoma. Soma `:help 'autochdir'`, wenyewe wametahadharisha. Kwa mradi wenye folda nyingi kama wako, mimi siishauri kabisa.

Hama pale unapotaka tu:

`:lcd %:p:h`

`%` ni faili ulilonalo, `:p` inaleta njia yake kamili, `:h` inakata jina la faili ibaki folda. Ukitumia `lcd` linahama dirisha hilo peke yake, mengine yanabaki yalipo. Ipe kitufe:

`nnoremap <leader>cd :lcd %:p:h<CR>:pwd<CR>`

`<leader>` ni kitufe cha kuanzia njia za mkato; kama hujakibadili, unabonyeza `\cd`. Na kwa shida uliyoitaja, wala huhitaji kuhama: `:e %:h/stoo.py` inakufungulia jirani hapo hapo.

Mpwani_dev
Wa Neovim (toleo jingine la Vim) wenye faili la mipangilio `init.lua` waandike `vim.opt.autochdir = true`. Naiwasha kwa kuandika maelezo na barua tu, kwenye kodi naizima.

Mchapakodi
Asanteni sana wakuu. `:e %:h/stoo.py` imekubali, na kitufe nimeweka. Swali la mwisho: faili langu la tags la ctags (orodha ya mahali function na vinginevyo vilipo kwenye kodi) liko `~/kazi`. Nikihama, Vim italiona?

Jirani wa Terminali
Italiona ukiweka:

`set tags=./tags;`

`./` inaanzia folda ya faili ulilofungua, popote ulipo. Nukta mkato ya mwishoni usiiache, ndiyo inayoifanya Vim ipande folda moja moja hadi ilikute.