Mvua mbili za mwanzo zimepiga Masasi: nipande au nisubiri? Newala, Nachingwea na Liwale ardhi ikoje?

MwanaLukuledi
Wakuu, habari za kazi. Huku Masasi mvua imepiga mara mbili ndani ya wiki moja. Ya pili ilikuja alasiri na radi, ikadumu kama dakika 40. Mitaro ilijaa, kumbikumbi wametoka, na majirani wameshaingia shambani na mbegu. Nina ekari 3 za kichanga chekundu, na kwa chini kuna kama nusu ekari ya mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Mbegu niliyonayo ni mahindi Situka M1 na karanga Pendo. Je, hii ndiyo mvua ya kupandia, au itatuacha njiani? Na wenzangu wa Newala, Nachingwea na Liwale, mvua kama hii kwenu inaiachaje ardhi na njia?

Jembe la Newala
Mkuu, kumbikumbi na mitaro iliyojaa si ushahidi. Mvua ya radi ikipiga ardhi iliyokauka tangu Mei, matone yanaugandisha uso wa udongo na maji mengi yanakimbilia mtaroni kabla hayajazama. Shamba linaonekana limelowa, kumbe limeoga tu.

Chimba. Chagua sehemu tatu katikati ya shamba, si chini ya mkorosho wala kando ya njia. Toa shimo lenye ukuta wima, kina cha sentimita 30. Ukutani utaona rangi mbili: juu udongo umekolea, chini yake ni vumbi lilelile la kiangazi lililopauka, na katikati kuna mstari. Weka rula kutoka juu hadi kwenye mstari huo. Kwenye kichanga kama chako, milimita 20 za mvua zikizama zote hushusha mstari hadi karibu sentimita 20, yaani urefu wa bapa la jembe. Hapo mahindi yanaweza kuingia. Ukipata sentimita 10 au pungufu, funga mfuko wa mbegu.

Sababu ni hii. Mbegu ya mahindi ikishanyonya maji kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, inaanza kuota na hairudi nyuma. Jua la Novemba huku kwetu linaondoa kama milimita 4 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo tabaka la juu linakauka ndani ya siku tatu nne. Mbegu iliyovimba ikikaukiwa inakufa, na ukiifukua utaikuta laini, kijichipukizi chake kimegeuka kahawia. Watu wengi hapo husema mbegu ilikuwa mbovu. Si kweli, ilikosa maji tu.

Kumbuka pia kwamba Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mara nyingi unakaa sawasawa kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mvua ya mapema ikifuatiwa na siku 10 za jua ndiyo inayotumalizia mbegu. Ukipanda kabla ya Desemba, panda theluthi moja ya shamba, mbegu nyingine ibaki ndani. Soma na utabiri wa siku 10 wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), usiishie kwenye ule wa msimu mzima, maana ule unakupa mwelekeo na huu ndio unaokusaidia kuamua wiki hii.

Kuhusu Newala: juu huku uwandani udongo ni kichanga kirefu, maji yanazama moja kwa moja, ndiyo maana hatuna mito juu. Saa mbili baada ya mvua unaingia na jembe bila tope. Ubaya wake ni kwamba unyevu nao hautunzwi, kwa hiyo tunahitaji mvua ya pili mapema kuliko nyie. Majani makavu ya palizi usiyachome, yatandaze kati ya mistari.

Mbuga Nyeusi (Nachingwea)
Naongezea la mbuga, maana hilo lina kanuni zake. Mwishoni mwa kiangazi udongo mweusi unapasuka, nyufa nyingine zinameza mkono mzima. Mvua ya kwanza inashuka kwenye nyufa, huku juu ukiona pakavu. Ukichimba kama alivyosema Jembe utadanganyika, kwa sababu kando ya ufa kumelowa hadi chini na hatua moja pembeni ni pakavu tupu. Subiri nyufa zizibe.

Zikishaziba una kama siku mbili za kulima vizuri. Chukua bonge, liminye kiganjani. Likivunjika kwa kidole gumba, ingia shambani. Likinyooka kama utepe na kung'aa, kaa nje, ukilima sasa utaacha mabonge yatakayokauka kama tofali. Kwenye nusu ekari hiyo mimi ningeweka mtama au mpunga, karanga hapana kabisa. Ufuta nao usiuguse huko: maji yakisimama siku mbili tatu unanyauka na haufufuki. Wakati wake ni Januari, kwenye kichanga, kina cha sentimita 2 hadi 3, ili ukomae mvua zikiisha.

MwanaLukuledi
Asanteni sana. Nimechimba leo asubuhi: kichanga ni sentimita 13, 12 na 15. Mbuga bado ina nyufa. Sasa je, nianze na karanga? Halafu nina korosho bado ziko chini ya miti.

Jembe la Newala
Kwa 13 subiri mvua moja zaidi. Wakati unasubiri, tengeneza kipimo: kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo wake angalau sentimita 10, lisimamishe wima mahali pa wazi, mbali na mti mara mbili ya urefu wa mti huo. Soma kila siku saa 3 asubuhi kwa rula, andika, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 20 kwenye ekari ni takriban lita 80,000. Ukiijua hesabu hiyo hutaiita tena manyunyu mvua.

Mahindi yatangulie, kina cha sentimita 5, nafasi 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, kilo 8 hadi 10 kwa ekari. Karanga usizikimbize. Pendo hukomaa kwa siku 90 hadi 100 na haina usingizi wa mbegu, yaani punje ikishakomaa na kupata maji inaota papo hapo. Ukiipanda mapema mno itaiva katikati ya mvua za Machi na kuchipua ingali ardhini. Ikivunwa mbichi ikakosa jua, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaingia.

Bi Korosho
Kaka, korosho ndizo za kushughulikia leo kabla ya jembe. Okota kila siku, hata kama ni debe moja. Iliyolala usiku mmoja kwenye majani yaliyolowa huanza kupata madoa, na doa la ganda hufika kwenye kiini. Iliyotunguliwa na upepo ikiwa mbichi itenge. Bibo (tunda laini linaloshika korosho) litoe kwa kuzungusha, usivute, kipande cha bibo kikibaki kinaleta ukungu kwenye gunia zima.

Anika siku mbili hadi tatu za jua kamili kwenye turubai au sakafu, tandaza nyembamba, geuza mara kwa mara, na wingu likija kunja turubai pamoja na korosho zake. Bonyeza ganda kwa kucha: likiacha alama, bado. Likiwa tayari, tikisa usikie zinagonga. Weka kwenye gunia la jute, juu ya chaga, mbali na ukuta. Mfuko wa plastiki unazitoa jasho. Zikifika ghalani zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 10, zinaweza kurudishwa, na gharama ya kuzisafirisha mara mbili ni yako.

Dereva wa Liwale
Njia kwa ufupi. Kichanga kikilowa kidogo hushika vizuri kuliko kiangazi, kwa hiyo uwanda wa Makonde mvua ya kwanza haisumbui. Tabu ni vipande vya udongo mweusi kati ya Nachingwea na Liwale. Milimita 10 tu zinatosha tope kujaza madigadi ya pikipiki hadi tairi lisizunguke. Likauke nusu siku ya jua ndipo upite. Mbolea na mbegu za huko zisafirishwe sasa, si Januari.

Vijito vya msimu tazameni rangi ya maji, siyo mbingu. Mvua ikinyesha juu, maji hukufikia wewe ukiwa juani. Yakigeuka kahawia ghafla na kubeba majani, simama. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kulisukuma gari dogo nje ya kivuko.

MwanaLukuledi
Nimeelewa. Bi Korosho, dada yangu, turubai linatandikwa sasa hivi. Mbegu inabaki ndani hadi rula iseme 20.