Likizo ya Julai na Agosti: Mwaka Kogwa, ZIFF au Maulidi ya Lamu?

Mgeni_Matrah
Assalaam alaykum. Tuko Muscat, skuli zimefungwa na joto halikaliki. Nataka watoto (miaka 7 na 11) waende nyumbani, wasiishie kuogelea tu, waone mambo ya kwao. Nimebakiwa na matatu: Mwaka Kogwa wa Makunduchi, yaani sherehe ya mwaka mpya wa jadi kule kusini Unguja mwezi wa Julai, tamasha la filamu la ZIFF mjini Unguja, na Maulidi ya Lamu. Nauli inaruhusu moja, kwa kujibana mawili. Nishaurini.

Bint_Kusini
Waalaykum salaam. Mimi mtu wa Makunduchi: njooni Mwaka. Wanaume wa kusini na wa kaskazini wanakutana uwanjani na migomba mikononi, wanachapana hasa, na mwenye kinyongo anakimalizia pale pale. Kisha banda la makuti linatiwa moto na mtu yumo ndani; anachomoka miali imeshapanda, anakimbilia vichakani. Wanawake nao wamevaa vyao vipya, wanazunguka kwa nyimbo, na waume hawasalimiki na maneno yake! Wadogo wasimame upande wa kina mama, na muangalie upepo, moshi wa makuti mkali. Halafu mtaitwa mle. Nyumba isiyopata mgeni siku ile inajiona imepungukiwa.

Mpenda_Filamu
Nimekulia Mji Mkongwe na ZIFF naipenda tangu ilipoanza miaka ya 1990. Kukaa usiku ndani ya Ngome Kongwe, filamu ya Afrika au ya visiwa vya Bahari ya Hindi mbele yako, watu wanacheka pamoja, hakuna mfano wake. Lakini wa miaka 7 atalala. Filamu kubwa ni za usiku, na nyingi tafsiri yake ni ya kusoma chini ya picha. Tarehe nazo zinahama: 2024 ilikuwa mwanzoni mwa Agosti, 2025 ikarudi Juni. Usikate tiketi ya ndege kabla hawajatangaza.

Mwana_wa_Amu
Maulidi yetu ni ya Mfungo Sita (Rabiul Awwal), mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo kila mwaka yanarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Miaka hii yanaangukia Agosti na Septemba. Tazama kwanza skuli za huko zinafungua lini. Mkiwahi, watoto watafurahi: mbio za punda pale ufukoni, mashindano ya majahazi, wazee na bao, halafu matari ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na zefe inayopita mitaani. Ila ni ibada kwanza, mje kwa adabu yake. Na safari ni ndefu: Mombasa hadi Mokowe kwa basi, kisha boti. Tafuteni pa kulala mapema.

Kaka_Ngambo
Mwaka nao siku hizi umejaa kamera. Nilisimama nyuma ya watalii, sikuona hata huo moto.

Bint_Kusini
Kaka, hilo kweli, na linatuuma. Ila wageni wanaondoka jioni ya siku ya kwanza. Kwa desturi Mwaka ni siku nne. Zinazofuata ni ngoma, kutembeleana na kula, kijiji kimebaki chenyewe. Anayetaka watoto wajue kwao alale Makunduchi, asije na kurudi mjini siku ile ile.

Mpenda_Filamu
Hapo namuunga mkono dada. Kwangu mimi filamu ni ya watu wazima wa familia hii, Mwaka ni wa wote.

Mgeni_Matrah
Basi Mwaka, tutalala huko huko. ZIFF ikiangukia Julai, nitakwenda usiku mmoja na mkubwa. Lamu tuiweke mpaka Maulidi yaingie katikati ya likizo. Dada, daladala au gari ya kukodi?

Bint_Kusini
Siku ya kwanza kodi gari, au pandeni daladala ya 310 asubuhi mapema; mchana hampati pa kukaa. Na msije mikono mitupu, kilo mbili za sukari zinatosha.

Mgeni_Matrah
Inshallah. Allah akulipe kheri.