Maandiko ya wanawake ni machache: tuongeze alama au tubadili tangazo la ruzuku?

Tarakimu: Wakuu, habari za kazi. Kamati ya ruzuku za utafiti ya chuo inaandaa tangazo jipya kwa kufuata vipaumbele vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania). Mapendekezo ya kuongeza wanawake ni mawili: andiko la kuomba ruzuku ambalo mtafiti mkuu ni mwanamke liongezwe alama 5 kati ya 100, au asilimia 30 ya fedha itengwe kwa ajili ya wanawake. Mwisho wa umri wa mwombaji ni miaka 40. Lipi linafaa, na kasoro hutokea wapi?

Bi Mizani: Kabla ya alama, pigeni hesabu kwa hatua. Chukueni matangazo 3 yaliyopita, mhesabu wanaume na wanawake wenye sifa chuoni, walioomba, waliovuka ukaguzi wa nyaraka, na waliopata. Tuseme wameomba wanaume 80 na wanawake 20, wakapata 16 na 4. Pande zote zimefaulu kwa asilimia 20. Hapo alama 5 zitatibu pasipouma, kwa sababu tatizo liko kabla ya kuomba.

Ukomo wa umri ndio wa kwanza kuondoa. Aliyezaa akiwa masomoni anaweza kumaliza uzamivu (PhD) na miaka 37 au 38, dirisha linamfungia. Baraza la Utafiti la Ulaya huhesabu miaka tangu shahada ya uzamivu, na mama huongezewa miezi 18 kwa kila mtoto. Liandikeni hilo kwenye tangazo lenyewe kama haki. Mkiandika "anaweza kuomba afikiriwe", wengi hawataomba.

Kipimajoto: Naongezea jedwali la alama. Kanada, kwenye ruzuku za utafiti wa afya, maandiko 23,918 yalichambuliwa na matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019. Watathmini walipopima zaidi sayansi, wanaume waliwazidi wanawake katika kiwango cha kupata ruzuku kwa pointi 0.9 za asilimia. Walipopima zaidi mtafiti mwenyewe, pengo lilifika 4.0. Kwa hiyo alama za andiko, tuseme 80, zitolewe na zifungwe kwanza, ndipo wasifu ufunguliwe kwa 20 zilizobaki. Kwenye wasifu ombeni machapisho 5 bora, msihesabu yote.

Linganisheni pia kiasi kilichotolewa. Idadi inaweza kuwa sawa huku milioni 50 zikienda upande mmoja na milioni 10 upande wa pili.

Tarakimu: Asanteni sana. Ila tangazo limefungwa kwa nishati na uhandisi wa viwanda tu. Waombaji wanawake tutawapata wapi?

Bi Mizani: Tarakimu, hilo ndilo zito kuliko yote. Orodha ya vipaumbele inaamua nani ataomba kabla hamjaona jina hata moja. Andikeni kipaumbele kama tatizo badala ya jina la fani. "Nishati" ikiwa "nishati ya kupikia na kukaushia mazao", daktari wa mapafu, mchumi na mtaalamu wa lishe wote wanaweza kuongoza timu, na mhandisi hajatengwa.

Ile asilimia 30 inafaa mkiwa na waombaji wa kutosha. Fani yenye wahadhiri wanawake 3 itabakiza fedha, na mwaka wa fedha ukiisha zitarudishwa. Mkitenga, semeni mapema salio litakwenda wapi.

Kipimajoto: Na alama 5 zina hatari yake: jina la mwanamke linawekwa ukurasa wa mbele, kazi na fedha zinabaki kwa mwingine. Dawa ni jedwali la majukumu lenye kiasi cha bajeti anachoidhinisha kila mmoja, na mtafiti mkuu asibadilishwe bila kibali cha kamati. Ripoti ya kila miezi 6 ioneshe nani alisaini malipo.

Tena msichanganye uwiano wa wanaume na wanawake kwenye timu na suala la jinsia ndani ya utafiti wenyewe. Timu ya wanawake watupu inaweza kujaribu jiko jipya bila kupima moshi anaovuta mpishi. Hilo lipewe swali lake kwenye fomu na alama zake.

Tarakimu: Nimeelewa. Naanza na hesabu ya matangazo 3, nitaleta jedwali hapa mlikague.