Kurekodi muziki kwenye fleti ya kupanga Ujerumani: maiki, ukuta na jirani

Kutoka: Dortmund

Salaam wanajumuiya. Wenye ujuzi naomba mnisaidie. Nataka kurekodi gitaa la umeme, besi na kuimba katika chumba cha kulala cha mita 3.5 kwa 4, dari mita 2.5, fleti ya kupanga ghorofa ya 2. Laptop ni Windows, RAM GB 16. Bajeti yuro 500. Mpiga ngoma na waitikiaji wako Mombasa na wana simu tu. Ni rumba na taarab za kujifurahisha, si biashara. Ninunue nini kwanza? Na trei za mayai ukutani zinafaa?

Kutoka: Köln

Kaka, trei za mayai zirudishe jikoni. Hazizuii sauti kwenda kwa jirani, hazinyonyi besi, na zikishika moto hutakuwa na muda wa kutafuta mlango.

Bajeti inatosha. Vitu vya lazima ni hivi: kadi ya sauti ya nje yenye tundu 2, mfano Focusrite Scarlett 2i2 au kitu cha daraja hilo; maiki moja; hedfoni za kufunika masikio kabisa kama Beyerdynamic DT 770 Pro, za kampuni ya Heilbronn hapa hapa; stendi nzito yenye mkono; waya wa XLR wa mita 3 au 5; na kichujio cha kitambaa cha kukata pumzi za "p" na "b". Programu ya kurekodi na kumiksi ni Reaper: unaijaribu siku 60 bure, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Spika usinunue sasa. Kwenye chumba hicho zitakudanganya, na sababu wataieleza wanaojua vyumba.

Gitaa na besi chomeka moja kwa moja kwenye kadi, ukiwa umebonyeza kitufe cha INST (cha ala). Usipokibonyeza, sauti itatoka butu, haina ule mlio wa juu ambao solo la rumba linautegemea, kwa kuwa pikapu za gitaa (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) zinahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1. Amplifaya unaiweka baadaye ndani ya kompyuta. Programu ya Neural Amp Modeler, inayoiga amplifaya, ni ya bure na inatosha kabisa. Amplifaya ya kweli kwenye ghorofa ni ugomvi tu.

Maiki: chukua ya dainamiki, Shure SM58. Haihitaji umeme wa volti 48 na haishiki ovyo sauti za friji na tramu. Ukiitafuta ya mtumba kwenye tovuti ya Kleinanzeigen, jihadhari, maana SM58 za bandia ni nyingi sana. Bei ikiwa nusu ya dukani, achana nayo. Duka la Thomann linakupa siku 30 za kurudisha, kwa hiyo unaweza kujaribu kwa sauti yako mwenyewe bila hofu.

Kutoka: Leipzig

Nakubaliana na Köln isipokuwa kwenye maiki. Kama wimbo ni wa taarab na mwimbaji anaimba taratibu, maiki ya kondensa (yenye usikivu mkali) kama AT2020 itatoa ile hewa ya sauti ambayo SM58 haina. Lakini kondensa inanasa mwangwi wa chumba chote. Kwa hiyo chumba kwanza, maiki baadaye.

Watu huchanganya mambo mawili. Kuzuia sauti isitoke kunahitaji uzito na kuziba kila upenyo: ukuta wa pili, mlango mzito. Kwenye nyumba ya kupanga hilo lisahau. Kunyonya mwangwi wa ndani ndilo unaloliweza, na sponji nyembamba za sentimita 3 zinazouzwa mtandaoni hulifanya vibaya: zinanyonya sauti za juu tu, chumba kinabaki na mvumo wa chini, na rekodi inasikika kama mtu aliyejifungia kabatini.

Tengeneza paneli 6 za pamba ya mawe. Dukani, upande wa vifaa vya ujenzi, Steinwolle huja kwa mabamba ya sentimita 100 kwa 62.5. Chukua unene wa sentimita 10, msongamano wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Fremu ni mbao za upana wa sentimita 10, takriban mita 3.5 kwa kila paneli. Vaa glavu na barakoa ya FFP2, fungua dirisha. Funika pamba kwanza kwa kitambaa chembamba cha Vlies ili nyuzi zisitoke, halafu juu yake weka kitambaa chochote kinachopitisha hewa. Weka mdomo upulize: pumzi ikipita, sauti nayo inapita. Kanga ya pamba inafaa sana. Kipande kimoja kina kama sentimita 150 kwa 110 na paneli inahitaji takriban 130 kwa 95 pamoja na kukunja, kwa hiyo doti 3 zinamaliza paneli zote 6. Majina yanaonekana vizuri, ukipenda wageni wasome.

Usitoboe ukuta. Zifungie miguu ya mbao zisimame zenyewe, na kati ya paneli na ukuta acha sentimita 10 za hewa. Pengo hilo linaongeza unyonyaji wa sauti za chini bila senti moja zaidi.

Mahali pa kuziweka ndipo wengi wanapokosea. Maiki hizi husikia mbele na kupuuza nyuma. Mbele ya maiki kuna mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji kuna ukuta unaorudisha sauti yake. Basi paneli 2 ziwe nyuma ya mgongo wa mwimbaji, 1 kila upande, 2 zilizobaki kwenye pembe. Vile vibanda vidogo vya kufungwa nyuma ya maiki vinafanya kazi upande usio na shida. Usisimame katikati kabisa ya chumba. Kabati la nguo liache wazi, zulia litandike.

Kuhusu spika: chumba cha mita 3.5 kinavuma chenyewe karibu na hezi 49, na upande wa mita 4 karibu na hezi 43. Kwenye besi, hezi 49 ndiyo G ya waya mnene, freti (kigawanyo cha shingo) ya 3, hezi 43.7 ni F, freti ya 1. Ukisikiliza kwa spika utadhani mpigaji kazikandamiza noti hizo mbili, utazishusha kwenye miksi, halafu kwenye gari la mtu wimbo unakosa miguu. Miksi kwa hedfoni, kisha hakiki kwa spika ya simu na kwenye gari.

Kutoka: Bremen

Upande wa jirani. Nachtruhe, yaani utulivu wa usiku, kwa kawaida ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili na sikukuu kuna utulivu wake. Soma Hausordnung (kanuni za nyumba) na mkataba wako kwanza, kuna nyumba zina saa za mchana pia. Mahakama Kuu ya Shirikisho, BGH, ilitoa hukumu tarehe 26 Oktoba 2018 kuhusu mpiga tarumbeta wa Augsburg: kupiga muziki nyumbani ni sehemu ya maisha ya kawaida, na kama kipimo cha jumla ilitaja saa 2 hadi 3 siku za kazi na saa 1 hadi 2 Jumapili na sikukuu. Hicho si kibali cha kila nyumba. Ile ilikuwa nyumba ya safu, si fleti, na kila kesi huangaliwa peke yake.

Kwa vitendo, gitaa na besi kwa hedfoni hazimsumbui mtu. Kinachopita ukutani ni kuimba, na kinachopita sakafuni ni mguu wako ukihesabu mapigo. Rekodi sauti saa 10 jioni hadi saa 1, na mwambie jirani wa chini mapema siku zipi. Barua ya heshima kwenye sanduku lake inafanya kazi kuliko sponji za yuro 80.

Kutoka: Dortmund

Asanteni sana. Nimeshaunganisha kadi na gitaa. Matatizo 2: kuna mvumo "mmmm" usiokoma, na nikipiga noti naisikia imechelewa. Nikishusha bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaishughulikia kwa mkupuo) hadi 64, sauti inakwaruza.

Kutoka: Köln

Mvumo: chomoa chaja ya laptop, iendeshe kwa betri. Ukikoma, tatizo ni njia mbili za kwenda ardhini. Chomeka chaja na kila kifaa kwenye ekstensheni moja ya soketi moja. Usithubutu kuziba vile vyuma vya pembeni vya Schuko (soketi na plagi za Ujerumani) kwa utepe, hiyo ndiyo waya ya ardhi na ndiyo inayokulinda. Mvumo ukibaki hata kwa betri, geuza mwili na gitaa taratibu kama unatafuta kibla. Ukipungua upande fulani, ni pikapu za koili moja zinazovuta sumaku ya transfoma au taa yenye dima (swichi ya kupunguza mwanga). Zima dima, sogea mita 1.5 kutoka kwenye kompyuta.

Kuchelewa: sakinisha draiva ya ASIO (ya kupunguza ucheleweshaji) ya kampuni ya kadi yenyewe, usitumie ya Windows. Weka 48 kHz, bafa 128. Hiyo ni milisekunde 2.7 kwenda na 2.7 kurudi, pamoja na kidogo cha kadi yenyewe, mkono hauhisi. Ukimaliza kurekodi na kuanza kumiksi, pandisha hadi 1024. Mikwaruzo: chomeka kadi kwenye USB ya laptop yenyewe, si habu, zima Wi-Fi, na mpango wa umeme uwe wa nguvu kamili. Hedfoni za Bluetooth kamwe. Geini (kiwango cha sauti inayoingia kwenye kadi) iache mahali ambapo sauti ya juu kabisa inagusa -12 dB; kwa biti 24 hakuna sababu ya kukaribia sifuri.

Kutoka: Hamburg

Nimalizie la Mombasa. Usiwatumie mradi mzima. Watumie miksi ya MP3 ya 192 kbps, dakika 4 ni kama MB 6, bando haliumii. Mwanzoni weka milio 4 ya kuhesabu na mwishoni 4 mingine. Ni ya lazima, kwa kuwa MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na bila milio hutajua wimbo unaanzia wapi.

Kule watumie simu 2. Moja inapiga miksi kwenye hedfoni za waya, ya pili inarekodi kwa app inayotoa WAV. Kwenye iPhone, Voice Memos ina chaguo la kutobana sauti kwenye mipangilio. Milio 4 ya kwanza, hedfoni iwekwe kwenye maiki ya simu inayorekodi, kisha ivaliwe sikioni. Mwishoni vivyo hivyo. Saa za simu na za kadi yako hazilingani kabisa: tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni milisekunde 12 kwa dakika 4, na kwenye chapuo inasikika. Ukishalinganisha milio ya mwanzo, shika Alt kwenye Reaper uvute ukingo wa mwisho mpaka ile ya mwisho ikutane.

Ngoma isikaribie simu chini ya mita 1.5, vinginevyo simu inajishusha yenyewe kila pigo na sauti inapumua. Simu iwe juu ya kiti, si sakafuni, chumba chenye godoro na mapazia. Feni izimwe, simu iwe hali ya ndege, na wapange kati ya adhana na adhana. Waitikiaji watatu wajipange nusu duara mita 1 kutoka kwenye simu moja, wote wakiwa na hedfoni. Mmoja akiwa na spika, miksi inaingia kwenye rekodi na haitoki tena.

Faili itumwe WhatsApp kama hati, siyo ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unabanwa mno. Na jina liwe na ala na kasi, mfano chapuo_92.wav. Zikifika faili sita zote zinaitwa "Rekodi mpya", kazi yako ya jioni itakuwa kubahatisha ipi ni ipi.