Kaloli wa Kampala tumuweke wapi, mlaji au muozeshaji?

mama_wa_bweyo
Jamani habari za jioni. Naomba msaada kwa wale ambao biolojia bado iko kichwani. Binti yangu yuko S2 (kidato cha pili), amekuja na homuwaki, wamepewa orodha ya viumbe wapange nani mzalishaji nani mlaji nani muozeshaji. Nyasi, nyati, simba, uyoga, bakteria hizo tumemaliza bila kelele, shida ni kaloli, yule korongo mkubwa wa kwenye majalala (marabou). Mtoto kaandika muozeshaji kwa sababu eti anakula takataka na takataka ni vitu vilivyooza, baba yake anasema ndege hawezi kukaa kundi moja na bakteria hata siku moja, na mimi huyo ndege namuona kila asubuhi pale soko linapotupa uchafu anameza utumbo wa kuku mzima mzima tena na kaveera (mfuko wa plastiki) yake juu, nikafikiri labda ana kundi lake peke yake 😂 Nani yuko sahihi?

ticha_wa_mbale
Nyabo, mzee wako ameshinda ila kwa sababu isiyo yake. Kuwa ndege hakuhusiki kabisa. Angalia chakula kinaingiaje. Kaloli anameza, tumbo linasaga, uchafu unatoka nyuma, sawa tu na wewe na mimi. Bakteria na uyoga hawana mdomo wala tumbo, wanamwaga vimeng'enya nje juu ya kile kitu kilichokufa, kinayeyuka hapohapo, halafu wananyonya ule mchuzi. Na kinachobaki, naitrojeni fosforasi na wenzake, kinarudi kwenye udongo katika hali ambayo mzizi wa mgomba unaweza kuvuta. Kaloli hafiki huko, hata kinyesi chake bado kinasubiri bakteria wakimalize. Kwa hiyo ni mlaji, na jina lake zuri zaidi ni mla mizoga.

Sasa akiulizwa mlaji wa ngazi ya ngapi hapo ndipo utamu ulipo. Akimeza kipande cha posho (ugali) ni mlaji wa kwanza, akimeza utumbo wa kuku aliyelishwa mahindi amekuwa wa pili, akiokota kichwa cha sangara pale gati amepanda tena juu. Na usidhani anakula vilivyokufa peke yake, anakula vyura, kumbikumbi, hata vifaranga vya ndege wengine vikiwa hai. Ngazi inafuata mlo, haifuati jina.

Halafu minyoo ya udongo, naona hujaitaja, ila nina hakika wataiuliza. Vitabu vingi vya shule vinaiweka kwa waozeshaji na mimi sipendi. Mnyoo unameza majani makavu na udongo, unayakata vipande vidogo, bakteria wanapata urahisi. Huyo ni mla mabaki. Lakini kama kitabu chao kimesema muozeshaji aandike hivyo apate alama yake, vita hiyo tutapigana sisi wakubwa.

mvuvi_kiyindi
Hiyo ya ngazi kufuata mlo sisi ziwani tunaijua bila kusoma. Chukua sangara, yule mdogo kabisa anakula vidudu vinavyoelea majini visivyoonekana vizuri kwa jicho, akikua kidogo anahamia wadudu na uduvi, akiwa mkubwa ni samaki tu, mukene (dagaa), nkejje (visamaki vidogo vya ziwani), na hata watoto wake mwenyewe haoni haya, kwa hiyo samaki mmoja katika maisha yake amepita ngazi karibu tatu na jina ni lilelile. Na hizo nkejje ndio usiseme, zamani Nalubaale (Ziwa Victoria) lilikuwa na aina mamia, kila moja na kazi yake, hii inakula tope la chini lenye mabaki, hii mwani, hii inavunja konokono, hii inakula samaki wenzake. Sangara akaletwa miaka ya 1950, ilipofika 1980 na kitu akalipuka, aina nyingi sana zikapotea. Sasa lile tope lenye mabaki nani akalila? Uduvi! Wale wadogo wa ziwani walizidi kabisa baada ya nkejje kupungua sana, na sangara akageuka akaanza kula uduvi. Kazi ilibaki palepale, aliyebadilika ni mfanyaji.

kijana_wa_kasese
Mvuvi umeongea. Mimi niongeze ya huku kwetu maana watu wanawadharau sana wala mizoga, wanaona ni wachafu tu. Tai mla mizoga (tumbusi) ana asidi kali tumboni, anakula mzoga wenye kimeta na anaruka zake, vijidudu vingi vya ugonjwa vinaishia mle. Sasa angalia hifadhi ya Queen Elizabeth, Aprili 2018 simba 11 waliuawa kwa sumu, wakiwemo watoto 8, halafu Machi 2021 wengine 6 upande wa Ishasha, na pale kando ya simba wakakutwa tai nao wamekufa. Mtu anatia sumu kwenye nyama akimlenga simba, lakini nyama haiulizi nani anakula, simba anakula, tai anakuja kwa simba, naye anakufa. Na tai hazai haraka, anataga yai moja kwa mwaka, aina nyingi ziko hivyo, kwa hiyo ukiua kumi leo hujui utasubiri mpaka lini.

Ongeza na kiboko, huyo mtoto atampenda. Usiku anatoka mfereji wa Kazinga anakula nyasi kilo na kilo, mchana anarudi majini anakunya humohumo. Mlaji wa kwanza wa kawaida kabisa, ila ndiye anabeba nchi kavu kuipeleka majini, bakteria wanaipokea, mwani unapata mbolea, samaki wanashiba.

boda_gulu
Sawa nimesoma yote ila bado nauliza. Kama bakteria ndio wanamaliza kila kitu mwisho, hawa kaloli na tai wana faida gani? Wakifukuzwa mji mzima si bakteria wataendelea tu na kazi, harufu itakuwepo siku mbili tatu basi

ticha_wa_mbale
@boda_gulu swali zuri ssebo. Wataendelea ndiyo, ila polepole, na kabla hawajamaliza meza iko wazi kwa wengine. India waliona hiyo. Miaka ya 1990 tai wao walikufa karibu wote kwa dawa moja ya maumivu, diklofenaki, waliyokuwa wanapewa ng'ombe, tai akila mzoga wa ng'ombe huyo figo zinakufa. Bakteria walikuwepo wote, hakuna aliyewagusa. Mizoga ikalala nje, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na mbwa ana kichaa, tai hana. Inzi na panya hivyohivyo.

Kitu kingine, bakteria wenyewe si kundi moja. Takataka zikirundikwa juu ya takataka mpaka hewa haipiti, wale wanaotumia oksijeni wanakufa, wanaingia wengine wasioihitaji, na hao wanatoa gesi ya methani. Ndio maana jalala kubwa linaweza kuwaka moto kutoka ndani. Kila utumbo aliomeza kaloli ni utumbo ambao haukwenda kuoza chini kule.

boda_gulu
Nimeelewa. Ila wasininyee kwenye helmeti

mama_wa_bweyo
Asanteni sana wote, nimemsomea mtoto mpaka ya viboko amecheka hataki kulala. Mwalimu swali la mwisho, wameambiwa pia wachore mtandao wa chakula na kaloli awemo. Mshale wa kaloli unatoka wapi?

ticha_wa_mbale
Mishale INAELEKEA kwa anayekula, waambie hiyo kwa herufi kubwa, nusu ya darasa langu hukosea hapo kila muhula. Mshale unafuata chakula kinakokwenda. Kwa hiyo kuku → kaloli, chura → kaloli, kumbikumbi → kaloli. Halafu kutoka kwa kaloli mwenyewe atoe mshale mmoja kwenda kwa bakteria, na kutoka nyasi, nyati na simba vilevile, kila mmoja atakufa. Jua asilisahau, liwe chini kabisa na mshale kwenda kwenye nyasi. Kaveera asichore.