Naomba ushauri: kupima wanafunzi 300 zama hizi za ChatGPT

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha mwaka wa kwanza chuo kikuu, darasa la watu 300. Kazi za muhula alama 40, mtihani wa mwisho 60. Tangu ChatGPT ije mwishoni mwa 2022, insha za nyumbani zimenyooka kupita kiasi, ila ukimuuliza mwenyewe aya ya pili ina maana gani, anakodoa macho. Kazi za vikundi ndiyo usiseme: wawili wanahenya, wanane wanaandikisha namba za usajili.

Nawaza kumhoji kila mmoja dakika 5 juu ya alichoandika. Hizo ni saa 25, na msaidizi sina! Mliowaacha wanakikundi wapeane alama wenyewe, mlizuiaje kubebana? Na mwongozo wa usahihishaji mnawapa mapema?